Jumamosi Tatu Chini ya Daraja

Watu wengi wa Braddock, mji mdogo karibu na Pittsburgh, waliowahi kuwasikia Waxwings wakiimba hudhani kundi lile lilianzishwa na Delmas Whitlow, kwa kuwa Delmas ndiye aliyesimama mbele, na sauti yake ndiyo iliyokuwa ikiwatoa akina dada machozi. Orville Pettiford, aliyekuwapo tangu siku ya kwanza, anajua kwamba Delmas aliokotwa tu. Wote waliokotwa. Aliyewaokota ni Lemuel Tibbs.

Kilichowakutanisha, mwaka 1955, ni kufukuzwa. Kwaya ya vijana kanisani kwao ilikuwa ikijifunza wimbo wa Pasaka, wimbo wa polepole, wa huzuni, na Hosea Crump, jitu la miaka kumi na saba lenye besi ya kutikisa vioo, likaanza kuchomeka vitu vyake humo chini: duum, duum, duum-wa. Orville akacheka hadi akakaa sakafuni. Lemuel, aliyekuwa mkubwa wao kwa mwaka mmoja, hakucheka. Alikunja uso, akasikiliza, kisha akaweka sauti ya tatu juu ya ile besi, na kwa muda mfupi wimbo wa Pasaka ukawa kitu kingine kabisa, kitu ambacho mtu angeweza kukichezea dansi.

Bi Gaither, mwalimu wa kwaya, alifunga kinanda.

"Nyinyi watatu," alisema, "nendeni mkaimbe barabarani, maana huko ndiko mnakotaka kwenda."

Wakaenda kweli. Walipofika kwenye njia inayopita chini ya daraja la reli, Lemuel akasimama, akapiga makofi mara moja, akasikiliza makofi yanavyomrudia.

"Hapa," alisema.

"Hapa nini?" Hosea akauliza. "Hapa pananuka mikojo."

"Ziba pua, fungua mdomo. Haya, nipe ile duum yako."

Hawakuwa na gitaa wala kinanda, na hakuna hata mmoja aliyejua kusoma nota. Nyimbo za namna ile, ambazo wakati huo kila kona ya barabara ilikuwa na vijana wanne watano wanaziimba, hazikutaka vitu hivyo. Zilitaka mtu mmoja mwenye masikio, na Lemuel alikuwa nayo. Alikupangia sehemu yako kwa kukushika kiwiko, kukuwekea mdomo karibu na sikio, na kukuvumia nota yako peke yako, taratibu, hadi ikukae mwilini. Kisha anakuacha ukiwa umeishika, anakwenda kwa mwenzako. Akimaliza kuzunguka anarudi mahali pake, anaashiria kwa kichwa, na nyote mnafungua midomo. Orville alipewa sauti ya katikati, ile isiyosikika.

"Mbona mimi sisikiki?" alilalamika wiki ya kwanza.

"Wewe ni msumari, bwana. Nani anaenda nyumbani kwa watu kusifu misumari? Lakini wewe nyamaza kidogo uone tutakavyoanguka."

Delmas walimkuta kwenye foleni ya duka la nyama, akijiimbia mwenyewe huku akisubiri zamu yake. Lemuel hakumsalimu hata. Alisimama nyuma yake akaanza kumwitikia, na Delmas, badala ya kugeuka, akapandisha sauti. Walipotoka dukani walikuwa wanne, na mama yake Delmas siku hiyo alisubiri maini yake mpaka jua likazama.

Jina la Waxwings walipewa na Zenobia, dada yake Lemuel. Alikuwa na miaka kumi na saba, alifanya kazi kwa dobi wa barabara ya Talbot, na alikuwa na ulimi mkali. Alikuwa amewaona ndege fulani wadogo wenye vishungi kwenye kitabu cha shule, waxwings, ambao kitabu kilisema hukaa tawini kwa safu na kupitishiana tunda mdomo kwa mdomo hadi mmoja wao aamue kulila.

"Ndio nyinyi hao," alisema. "Mnapitishiana sauti kama tunda. Isipokuwa Delmas, yeye akiipata anameza."

Akawashonea makoti ya bluu kwa vitambaa vilivyoachwa na wateja kule kwa dobi. La Orville lilikwisha kwanza, na ndilo lililokaa vizuri kuliko yote, na hapo siri ikawa si siri tena. Kuanzia siku hiyo Lemuel hakumwita Orville kwa jina lake.

"Shemeji, sogea kushoto. Shemeji, umechelewa kuingia. Jamani, mnaona dada yangu anavyotaka kunipotezea kundi? Msumari wenyewe umeshapata kutu ya mapenzi."

"Mimi sijasema kitu," Orville alisema, akiangalia viatu.

"Koti limeshasema, shem."

Walikua hivyo. Waliwashinda vijana wa Rankin, mji jirani, kwenye mashindano ya uwanjani ambako mwamuzi alikuwa kelele za watu tu. Waliimba kwenye dansi ya shule, kwenye harusi mbili, kwenye sherehe ya wazima moto. Lemuel akatunga wimbo, "Acha Taa Ikiwaka," wa kijana anayepita kila jioni mbele ya nyumba ya msichana na haombi kitu zaidi ya kuona taa ya barazani imewashwa. Hata Bi Gaither aliyewafukuza alionekana siku moja amesimama upande wa pili wa barabara na mfuko wake wa soko, hapiti, hageuki.

Baba yake Lemuel alifariki mwaka 1956, na kabla majani ya miti hayajadondoka Lemuel alikuwa ameshaandikwa kazi kwenye kiwanda cha chuma. Watu weusi wakati ule walipelekwa kwenye kazi mbili tatu tu, na mojawapo ilikuwa kuchonga. Vyuma vikishapoa vinakuwa na makovu, na mchongaji anasimama juu yake na nyundo inayoendeshwa kwa upepo, anayang'oa makovu moja moja, saa nane kwa siku, pamoja na wenzake arobaini wanaofanya vivyo hivyo ndani ya jengo moja la bati. Ukipita nje ya ukuta wake ulilazimika kuzungumza kwa mikono. Ndani hawakupewa kitu cha kuziba masikio. Wengine walijitilia pamba.

"Kukoje?" Orville alimuuliza Jumamosi ya kwanza.

Lemuel alijigonga kichwani kwa kidole. "Nimeingiwa na nyuki, shem. Mzinga mzima. Wakitulia nitakwambia."

Wote wakacheka. Nyuki wale wakawa mzaha wa kundi. Kila Jumamosi Hosea alikuwa akimuuliza kama asali imeshaiva.

Miaka miwili na zaidi ikapita kabla ya mtu yeyote kusikia kasoro, na aliyesikia kwanza ni Orville, kwa kuwa sauti yake ndiyo iliyokaa jirani na ya Lemuel. Lemuel alimshika kiwiko kama kawaida, akamvumia nota yake, na nota haikuwa yenyewe. Ilikuwa chini kidogo. Orville alidhani amekosea yeye. Akaichukua hivyo hivyo, na walipofungua midomo wimbo mzima ukapinda kama mlango uliolegea bawaba.

"Nani huyo?" Delmas akauliza.

"Mimi," Orville alisema. "Samahani."

Alijitwika kosa lile Jumamosi nne. Ya tano haikuwezekana tena. Lemuel alianza kuingia amechelewa, akitazama midomo yao kwanza. Akawa anaimba kwa nguvu mahali pa kunong'ona. Ukimwambia kitu akiwa amekupa mgongo hajibu, na Delmas akaona hayo ni maringo. Alikuwa pia anakunywa bia moja mbili akitoka kazini, kama wachongaji wote, na Delmas akaona huo ni ulevi.

Na haya yote yalikuja wakati mbaya. Ukumbi mmoja mkubwa wa Pittsburgh ulikuwa umetangaza mashindano ya makundi yatakayofanyika Mei 1959, na kundi litakaloshinda lingeingizwa studio kurekodi santuri. Waxwings walikuwa wamepita mchujo wa kwanza. Katikati ya Machi walikutana jikoni kwa akina Hosea, watatu tu, bila Lemuel. Delmas ndiye aliyewaita.

"Nitasema mimi, kwa kuwa nyinyi mnaona haya," Delmas alisema. "Lemuel amekwisha. Anatuangusha. Cornell Askew wa Rankin yuko tayari, sehemu zote anazijua, tumeziimba masikioni mwake miaka minne."

"Lemuel ndiye kundi," Hosea alisema.

"Alikuwa ndiye. Wewe humsikii? Au besi imekuziba masikio?"

"Namsikia. Tumuulize ana nini."

"Ana chupa. Unataka akuonyeshe?"

Hosea akatikisa kichwa. "Mimi sikubali."

Wote wawili wakamgeukia Orville. Mama yake Hosea alikuwa amewaachia sahani ya mkate wa mahindi mezani, na Orville alikumbuka maisha yake yote kwamba hakuna aliyeugusa. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa anapakia magunia kwenye ghala la unga, na kila siku alipokuwa akipakia aliiona ile santuri inazunguka, na jina limeandikwa, na Zenobia ameishika mkononi. Alijua kwamba Lemuel si mlevi. Hakujua ana nini, lakini hilo alilijua.

"Kwa mashindano tu," alisema mwisho. "Yakipita, atarudi."

"Sawa. Kwa mashindano tu," Delmas akasema haraka.

"Nani atamwambia?" Hosea akauliza.

Delmas alisema hakuna haja ya kumwambia, kuambiana kutaleta ugomvi. Wao wahamie tu mahali pengine pa mazoezi, kule kwenye ngazi za jengo wanaloishi yeye na mama yake, panarudisha sauti vizuri kuliko hata darajani. Lemuel ni mtu mzima, atawakosa na ataelewa. Na Orville, ambaye angeweza kutembea dakika sita tu hadi mlangoni kwa akina Tibbs, alisema sawa.

Jumamosi ya kwanza alilazimika kupita barabara ya juu, ile inayotazama mlango wa daraja. Aliona kofia ya Lemuel. Lemuel alikuwa amesimama penye mwanga, mikono mfukoni, anaangalia upande ambao wao huwa wanatokea. Orville aliinua kola ya koti lake la bluu akapita.

Zenobia alipomuuliza mazoezi yanaendeleaje, alisema yanaendelea vizuri. Baada ya wiki tatu Zenobia akamwambia, kwa huzuni, kwamba Lemuel ameacha kundi.

"Amesema kazi inamchosha, hawezi tena. Amesema msimuulize, mtamuumiza. Wewe alikwambia?"

"Alitugusia," Orville alisema.

Mwezi Mei walishinda. Waliimba "Acha Taa Ikiwaka," na Cornell Askew hakukosea hata mahali pamoja. Walirekodi wiki iliyofuata, asubuhi moja tu, kwenye chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani. Orville alishikilia kama mtu aliyepagawa kwamba jina la Lemuel Tibbs liandikwe kwenye santuri kama mtunzi, na likaandikwa, kwa herufi ndogo chini ya jina la kundi. Aliona amefanya jambo. Aliiona santuri ile kama barua ya kuomba radhi ambayo mwenyewe hatalazimika kuisema.

Redio ya Pittsburgh ikawa inaipiga kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili ya pili ya Juni Orville alivaa tai, akachukua santuri moja ndani ya bahasha yake, akaenda kwa akina Tibbs.

Mama Tibbs ndiye aliyemfungulia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, na alimshika Orville mashavu kwa mikono miwili kama alivyomshika siku zote.

"Ingia, mwanangu. Wimbo wenu umetuvalisha nguo mpya mtaa mzima. Lemuel yuko jikoni na redio yake."

Zenobia alikuwa jikoni anakaanga samaki. Alimwangalia Orville na tai yake, akatabasamu upande mmoja. Redio, sanduku kubwa la mbao, ilikuwa mezani, na ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho, sauti inapasuka. Lemuel alikuwa ameinama juu yake. Orville alidhani amelala. Kisha akaona kwamba Lemuel amekandamiza taya lake kwenye ubao wa redio, amefumba macho, na kidole chake kinapiga meza taratibu. Kilikuwa kinapiga pamoja na besi ya Hosea. Besi peke yake ndiyo iliyokuwa inamfikia, kwenye mfupa.

Wimbo ulikuwa wao. Delmas alikuwa anaimba kuhusu taa.

Orville alisimama pale hadi ulipokwisha. Kisha akasogea, akapiga goti kando ya kiti cha Lemuel, upande wa kushoto, akayasema yote kwa mara moja, kwa haraka, kabla hajaishiwa na ujasiri.

"Lemuel, nisamehe. Mimi ndiye niliyekutoa kundini. Hosea alikataa, Delmas alitaka, nikabaki mimi, nikasema utoke. Tukahama bila kukwambia. Nilikuona pale darajani nikapita. Nilisema ni kwa mashindano tu. Nisamehe, ndugu yangu."

Lemuel alifumbua macho, akamwona, uso ukamng'aa.

"Shemeji! Umekuja saa ngapi?" Alisema kwa sauti ya juu mno, ya mtu aliye upande wa pili wa mto. "Umesikia besi ile? Hosea amekua, jamani. Hosea amekuwa mtu. Na wewe nawe umo humo, najua umo, sijakusikia lakini najua umo!"

Akampigapiga bega.

Mafuta yalikuwa yanaungua kikaangoni. Zenobia alikuwa amesimama na uma mkononi, hajageuza samaki.

"Upande huo hana kitu," alisema polepole. "Huo ulikufa kabla ya Krismasi. Huu mwingine daktari alisema ukimaliza mwaka ni bahati. Mama na mimi ndio tulioambiwa, mwezi uliopita tu." Akaweka uma mezani. "Yeye hajasikia ulichosema, Orville. Mimi nimesikia."

"Zenobia..."

"Alitwambia aliacha mwenyewe. Alikaa kwenye kiti hicho akatwambia amechoka. Nikamlaumu. Nilimwambia ameniangusha, kwamba wewe unahangaika na kundi na yeye amekukimbia. Alinitazama tu, akasema, 'Mwambie shemeji ajitahidi.'" Sauti yake haikupanda. "Alikuwa anakuficha kwangu. Ili nikupende."

"Hatukujua kama ni masikio."

"Mlimuuliza?"

Orville aliigeuza bahasha ya santuri mkononi.

"Mlimuuliza, Orville? Mtu mmoja kati yenu, siku moja, alimwambia, Lemuel, una nini?"

"Hapana."

Lemuel alikuwa anawatazama midomo, mara huyu, mara yule, bado anatabasamu, tabasamu linaanza kupoteza njia. "Kuna nini? Mnagombana? Zenobia, muache mwenzio, mpe samaki."

Zenobia alizima jiko. Alimwambia Orville aende, na alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomfahamisha Orville kwamba hakuna kurudi. Alirudi Jumapili tatu mfululizo hata hivyo, na kila mara Mama Tibbs alimwambia mlangoni kwamba Zenobia hayupo, huku wote wawili wakisikia hatua zake juu. Mwaka uliofuata Zenobia alihamia Detroit kwa shangazi yake, na huko akaolewa na fundi wa mabomba aitwaye Bramwell. Santuri aliyokuwa ameipeleka Orville ilibaki kwa Mama Tibbs, ndani ya bahasha yake.

Waxwings hawakurekodi tena. Redio iliwapiga majira yale ya joto, kisha ikapata wengine. Hosea aliitwa jeshini. Delmas alikwenda Cleveland kutafuta kundi linalomfaa, akafanya kazi ya kuendesha basi miaka ishirini. Cornell alirudi Rankin kwa watu wake. Koti la bluu Orville hakulitupa wala hakulivaa. Alioa mwanamke mwema, Ernestine, akazaa naye mabinti wawili, na hakuimba hata akioga.

Nyimbo zile zikarudi zenyewe. Mwaka 1974 watu wa umri wake walianza kuzililia, kama mtu anavyolilia chakula cha mama yake, na Hosea, aliyekuwa sasa na kitambi na mvi, akaja kumgongea mlango. Waliwapata wawili wengine, mwalimu wa hesabu na mtu wa posta, wakawa wanakutana Jumamosi kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Hawakutafuta kitu. Waliimbia wazee, waliimba kwenye sherehe za kustaafu, na watu walisimama na sahani zao mkononi wakasahau kula. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeuliza nani alitunga "Acha Taa Ikiwaka," maana alitaka kumshukuru.

"Anakaa mitaa minne kutoka hapa," Hosea alisema, akamwangalia Orville. "Mimi humtembelea. Kuna wengine hawamtembelei."

Orville alikaa na maneno hayo miaka mitano mingine. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuieleza. Alikuwa akimwona Lemuel barabarani, kiziwi kabisa sasa, kofia ile ile, na alikuwa akivuka kwenda upande wa pili. Mwaka 1979, Ernestine alipofariki, Orville alijikuta kwenye nyumba tupu na kalamu mkononi, akaandika yote aliyokuwa ameyasema upande wa sikio lililokufa. Yalijaza kurasa mbili. Jibu lilikuja kwa posta, kutoka mitaa minne, mstari mmoja: *Njoo Jumapili. Njoo na daftari.*

Lemuel alikuwa anaishi peke yake, Mama Tibbs alikuwa ameshafariki. Alimkalisha jikoni, kwenye meza ile ile. Aliyaongea yake kwa ile sauti kubwa isiyo na mawimbi, na Orville akawa anaandika.

"Nilijua, Bwana Pettiford," Lemuel alisema. Hakumwita shemeji. "Kutolewa nilikujua. Nilikuwa nimeshajitoa mwenyewe kichwani, nilikuwa natafuta siku ya kuwaambia. Ungeniuliza, ningekwambia mchukueni Cornell."

Orville aliandika: *Basi ni nini?*

Lemuel alisoma, akaliweka daftari chini, akalinyoosha kwa kiganja.

"Jumamosi ya kwanza nilisimama pale chini nikawangoja. Nikajiambia mmechelewa. Kisha nikaingiwa na wazo. Nikajiambia, hawa wamekuja. Wako hapa karibu, nyuma ya nguzo, wanaimba, na mimi siwasikii. Nikazunguka nguzo zote. Nikapanda kwenye reli, nikateremka upande wa pili. Nilikuwa nazibua masikio kwa vidole, hivi, kama mtoto. Nikarudi nyumbani nikijua masikio yamekwisha kabisa, siku hiyo. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nikawakuta watoto wanacheza gololi mle ndani, nikawauliza, 'Wale wanaoimba wako wapi?' Mmoja akasema, na nikamsoma mdomo, 'Hakuna mtu hapa, mzee.' Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliniita mzee." Akalinyoosha daftari tena. "Nikafurahi, unajua? Nilifurahi kwamba hamkuwapo. Kwamba bado nasikia kidogo. Nikatembea nikifurahi mpaka kwenye kona, halafu ndipo nikaelewa mmefanya nini."

Orville aliweka kalamu chini.

"Hosea nimemsamehe," Lemuel alisema. "Delmas sikuwahi kumtegemea. Wewe bado. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakudanganya, na ya kudanganyana yanatosha. Lakini najaribu. Uje Jumapili nyingine."

Akaenda Jumapili nyingine, na iliyofuata, na miaka minne ya Jumapili. Walicheza drafti. Lemuel alimpiga bila huruma, akamcheka, akampikia maharage na nyama ya nguruwe. Waliandikiana habari za mabinti, za kiwanda kinavyofunga majengo moja baada ya jingine. Suala lile hawakulirudia, na Orville hakuthubutu kuuliza limefika wapi. Kila alipokuwa akiaga, Lemuel alimtazama kwa muda mlangoni, kama mtu anayepima mzigo, kisha akasema, "Haya, Bwana Pettiford."

Februari 1983 moyo wa Lemuel ulisimama akiwa anazoa theluji mlangoni kwake kwa koleo. Jirani ndiye aliyemkuta.

Zenobia alikuja kutoka Detroit na watoto wake watatu waliokwisha kuwa watu wazima. Hosea alimwendea kabla ya mazishi, kofia mkononi, akamwambia Waxwings wako tayari, wataimba wimbo wa Lemuel kaburini.

"Asiimbe mtu," Zenobia alisema.

Hakuimba mtu. Mchungaji alisoma, upepo ukapeperusha karatasi zake, wakamzika.

Baada ya hapo watu walishuka chini ya kanisa kula. Orville alikaa peke yake mwisho wa meza ndefu na hakuvua koti. Mara akaona sahani imewekwa mbele yake, kuku, sukuma, viazi vitamu. Zenobia alivuta kiti, akakaa upande wa pili. Nywele zilikuwa zimeingia mvi kwenye paji. Kwa miaka ishirini na mitatu hawakuwa wameonana.

"Alikuwa ananiandikia," alisema. "Kila wiki. 'Pettiford alikuja, nimemfunga michezo mitano.'"

"Alikuwa ananifunga kweli."

Zenobia alimkazia macho. "Alikwambia?"

Orville alijua anauliza juu ya msamaha. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hakufika. Kwako aliandika?"

Zenobia naye akatikisa kichwa.

Watoto wa watu walikuwa wakikimbizana kati ya viti, mtu mmoja akiwakemea. Orville alitazama mikono yake na machozi yakamshuka bila sauti, yakadondokea kwenye kola ya koti, na hakuyafuta. Zenobia hakumwambia anyamaze, wala hakumgusa. Alisubiri. Kisha akaisogeza sahani karibu naye kidogo.

"Kula," alisema. "Kitapoa."